Sportster 883 inachoka nyuma ya malori: nibadilishe nini kwanza?

SWALI: Kaka fundi, salaam. Nina Harley-Davidson Sportster 883 ya mwaka 2005, ya kabureta, niliyoinunua Kampala kwa mtu aliyeiendesha miaka minne. Kazi yangu iko Kampala, familia iko Tororo, kwa hiyo kila baada ya wiki mbili naenda na kurudi. Wakati mwingine mama watoto anakaa nyuma. Shida yangu ni malori. Nikikuta trela la Malaba mbele yangu, nafungua mafuta kwenye gia ya tano, injini inanguruma lakini haiendi. Nimeweka akiba ya shilingi milioni sita. Rafiki mmoja ananiambia ninunue mabomba wazi, wa pili anasema kamshafti, wa tatu anasema nipanue silinda ziwe 1200. Nianze na lipi?

JIBU: Ndugu yangu, salaam, na pole kwa safari za barabara ile. Swali lako limenipa raha kwa sababu umetaja mahali hasa pikipiki inapokuangusha. Wengi huniambia wanataka nguvu, basi, na swali la namna hiyo siwezi kulijibu. Wewe umeshikwa nyuma ya trela kwenye mwendo wa kilomita 70 kwa saa, mbele kumefunguka sekunde chache, na unahitaji kufika 100 kabla ya kona, tena labda na mtu nyuma. Kinachotakiwa hapo ni torki ya katikati, yaani nguvu ya kuvuta, injini ikizunguka mara 2,000 hadi 4,500 kwa dakika. Mwendo wa mwisho hauhusiki, wala kelele. Kila shilingi ya ile milioni sita iulize inakuongezea nini kwenye eneo hilo.

Kwa hiyo nianze na marafiki zako. Mabomba wazi, hapana. Kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu za injini, si sasa. Silinda za 1200, ndiyo, huyo amekwambia kweli, ila si kazi ya kwanza. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba hiyo 883 uliyonayo inatoa nguvu za 883, kwa sababu kwa dalili ulizoeleza nina shaka kubwa kama inazitoa.

Kuna jambo moja lisilogharimu kitu. Ukiwa kwenye kilomita 70 na gia ya tano, injini ile iko chini ya mizunguko 2,500, na 883 hapo bado haijaamka. Shuka hadi gia ya tatu ukiwa bado nyuma ya lori, kabla njia haijafunguka, ndipo uvute. Watu wengi waliozoea pikipiki ndogo za bodaboda huogopa sauti ya injini kubwa ikipanda, wanadhani wanaiumiza. Injini huumizwa zaidi na kufunguliwa mafuta yote ikiwa kwenye mizunguko ya chini na gia ndefu. Jaribu hilo safari ijayo, halafu endelea kusoma.

Sasa ujue injini yako inavuta hewa gani. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Tororo haiko mbali na hapo. Kwa urefu huo shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 13 likilinganishwa na Mombasa. Injini isiyo na turbo, yaani feni ya kusukumia hewa ndani, hunywa hewa inayopewa, kwa hiyo pikipiki yako imepoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kabla hujaiwasha. Ukipanda Kapchorwa au ukienda Kabale, hasara inakaribia moja ya tano. Hakuna chujio wala bomba litakaloirudisha hewa hiyo, na ndiyo maana napenda kuongeza ujazo wa injini kuliko kuhangaika na vipambo vya nje. Urefu huu una faida yake pia: shinikizo ndani ya silinda ni dogo kidogo, kwa hiyo injini haigongi (mafuta kujilipukia ovyo ndani ya silinda) upesi kama ingekuwa pwani. Nitalirudia hilo tukifika kwenye 1200.

Tuingie kwenye karakana. Pikipiki ya miaka ishirini iliyopitia mikono ya watu kadhaa huwa na vidonda vidogo vidogo, na kila kimoja kinanyonya nguvu kidogo. Kwa Sportster ya kabureta kuna viwili ambavyo mimi huanza navyo kila mara.

Cha kwanza ni raba za manifoldi. Kati ya kabureta na vichwa viwili vya silinda kuna bomba fupi lenye umbo la Y, na pale linapogusana na kila kichwa kuna raba nene ya kuziba. Raba hizo hukauka na kupasuka kwa joto. Zikipasuka, hewa inaingia pembeni bila kupimwa na kabureta, mchanganyiko unakuwa mkavu (hewa nyingi, petroli kidogo), na pikipiki inakohoa kupitia kabureta ukivuta ghafla. Kipimo chake: injini ikiwa imepoa, iwashe, iache izunguke polepole, chukua chupa ya kunyunyizia yenye maji ya sabuni, nyunyiza kidogo kidogo kwenye maungio hayo mawili. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Kuna mafundi wanaofanya kipimo hiki kwa petroli; usikubali, cheche ziko sentimita chache kutoka hapo.

Cha pili kimefichwa ndani ya kabureta yenyewe. Keihin ya milimita 40 iliyo kwenye pikipiki yako ina pistoni ndogo ya plastiki inayopandishwa na mvuto wa hewa, na juu yake kuna ngozi nyembamba ya raba, nyeusi, pana kama kifuniko cha kikombe cha chai. Mkono wako unafungua kipepeo tu. Ngozi hii ndiyo inayoamua pistoni ipande kiasi gani na sindano itoe mafuta kiasi gani. Ikitoboka, hata tundu dogo kama ncha ya pini, pistoni haipandi yote. Pikipiki itawaka vizuri asubuhi, itatembea vizuri mjini, lakini ukifungua mafuta yote nyuma ya lori itanguruma na kubaki pale pale. Soma tena ulichoniandikia, ndugu yangu, uone kama hayo si maneno yako. Fungua skrubu za kofia ya juu, toa ngozi polepole, inyooshe kwa vidole viwili mbele ya balbu na uizungushe. Mwanga ukipenya kama nyota, umepata ugonjwa. Mara mbili nimempokea mtu aliyekuja na pesa mkononi kutaka pistoni kubwa, akarudi nyumbani na raba mpya tu, ameridhika.

Mengine nitayapitia haraka. Hakikisha kitufe cha kuwashia injini baridi kinarudi chote. Kikibaki kimevutwa nusu unakunywa petroli na kupata moshi. Inua gurudumu la mbele na la nyuma, zungusha kwa mkono, usikilize kama breki inashika. Plagi mpya, mwanya wake uwe kama milimita moja. Pima upepo wa matairi ukiwa na uzito wa watu wawili akilini.

Halafu pima kompresheni, yaani silinda inavyobana hewa, injini ikiwa ya moto, mafuta yamefunguliwa yote, plagi zote mbili zimetolewa. Hapa wengi huingia hofu bure, kwa sababu tarakimu za kitabu ni za usawa wa bahari na geji ya Kampala itasoma chini yake hata injini ikiwa nzima kabisa. Tazama tofauti kati ya silinda mbili. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, tia kijiko cha oili kwenye ile dhaifu upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya kichwa. Matokeo haya ndiyo yatakayoamua pesa zako ziende wapi: kama ringi zimekwisha, hakuna sababu ya kununua ringi za 883. Hapo tayari una kibali cha kwenda 1200.

Nikumbushe kitu kuhusu spana, kwa sababu nimeona pikipiki nzuri zikiharibiwa na hilo. Harley ile imefungwa kwa bolti za inchi. Makanika wengi wa Kampala wana seti ya milimita peke yake. Bolti ya nusu inchi ni milimita 12.7, spana namba 13 inaingia, inaonekana imekaa, kumbe inapwaya milimita 0.3. Mara ya kwanza inafungua. Mara ya tatu kona za bolti zimekuwa duara, na mtu anachukua patasi na nyundo. Kabla hujapeleka pikipiki popote, nunua seti yako ya soketi za inchi na funguo za aleni za inchi, uende nazo. Ukiingia kwa fundi mpya, mwangalie anachukua spana gani kwanza. Mimi humjua fundi wa Harley kwa hilo kabla hajasema neno.

Tuseme sasa injini ni nzima. Hatua inayofuata ni pumzi: chujio cha hewa, ekzosi na jeti za kabureta, yaani vitundu vinavyopima petroli. Naviandika pamoja kwa sababu ni kazi moja. Ukifungua mlango wa kuingilia bila kufungua wa kutokea, au ukafungua yote miwili bila kuongeza mafuta, umeharibu zaidi ya ulichojenga.

Kuhusu mabomba wazi nisikilize vizuri, kwa kuwa hili ndilo kosa linalofanywa na karibu kila mwenye kruza, pikipiki za aina hii yako. Bomba fupi lililonyooka, lisilo na kizuizi ndani, linapiga kelele kubwa, na sikio linaambia moyo kwamba nguvu zimeongezeka. Kinachotokea ndani ni kingine. Kila silinda inapotema moshi, wimbi la shinikizo linakimbia hadi mdomo wa bomba, na likifika kwenye hewa ya wazi linageuka na kurudi. Kwenye mizunguko ya juu sana linarudi kwa wakati unaofaa na kusaidia kuvuta moshi. Kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,500 linarudi wakati valvu zote mbili ziko wazi kidogo, linausukuma moshi uliokwisha kutoka uingie tena, na hewa safi inachafuliwa. Torki inashuka hapo hapo unapoihitaji wewe. Mwaka wangu wa pili na Sportster nilifunga mabomba ya aina hiyo, nikatoka Kampala nikiwa na furaha, nikaingia msitu wa Mabira nyuma ya lori la miwa. Kabla ya mabomba nilikuwa nalipita kwa gia ya nne bila kufikiri. Siku ile nilifungua mafuta, pikipiki ikasita kama iliyokanyagiwa breki, na lori la upande wa pili likawa linakuja. Nilirudi nyuma ya miwa. Wiki iliyofuata niliyang'oa.

Kwa kazi yako, ekzosi bora ni ya mabomba mawili yanayoungana kuwa moja. Wimbi la silinda moja linasaidia kuvuta moshi wa nyingine, na faida yake inaonekana katikati, si juu. Ikiwa hiyo ni ghali, baki na mabomba ya kiwandani na ubadilishe sailensa tu kwa zile zenye kizuizi cha ndani kinachopitisha zaidi. Ukiwa tayari umerithi mabomba wazi kutoka kwa mwenye pikipiki wa kwanza (hukusema, na nashuku), mchomeleaji mzuri wa Katwe anaweza kukutengenezea vizuizi vya ndani vya bomba lenye matundu, ukavifunga kwa bolti moja. Ni kazi ya siku moja, na utaisikia tofauti kwenye mkono kabla ya kwenye sikio.

Chujio cha hewa cha nje chenye pamba iliyolowa oili kinapitisha hewa vizuri, lakini barabara zetu zina udongo mwekundu ambao ni mwembamba kama unga wa muhogo, na unga huo ni msasa kwa silinda. Ukikifunga, kubali kukiosha na kukitia oili upya mara kwa mara, hasa kiangazi, na kila ukipita kipande cha udongo. Kingine, kwenye Sportster yako injini inapumulia kupitia bolti mbili za vichwa zinazoingia kwenye chujio. Kifuniko kipya lazima kiwe na njia ya kupokea pumzi hiyo. Fundi asiyejua hili huziba, halafu oili inaanza kuvuja kwenye gasketi na hakuna anayeelewa kwa nini.

Jeti sasa. Kabureta ya 883 kutoka kiwandani imewekwa kavu kwa ajili ya sheria za moshi, na skrubu ya mchanganyiko wa mwendo wa chini imefunikwa na kizibo kidogo cha chuma. Kitobolewe kwa uangalifu, skrubu ifikiwe. Jeti ya chini namba 45 badala ya 42 ndiyo hatua ya kawaida. Kwa jeti kuu usinakili tarakimu za Wamarekani bila kufikiri. Nyingi ni za watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Hapa kwetu hewa ni nyepesi, kwa hiyo anzia namba moja au mbili chini ya wanachopendekeza, kisha uiulize plagi. Endesha kilomita kadhaa mafuta yakiwa yamefunguliwa vya kutosha, zima injini hapo hapo ukiwa umeshika klachi, toa plagi. Rangi ya biskuti ni sawa. Masizi meusi makavu, punguza. Nyeupe kama chaki, ongeza haraka, maana hapo unachoma pistoni.

Usitegemee hisia kupima kazi hizi. Funga simu juu ya tangi ikiangalia spidomita, tafuta kipande kilichonyooka unachokijua, alfajiri kabla ya magari, ukiwa peke yako. Gia ya nne, kilomita 70, fungua yote hadi 100. Baadaye kaa nyumbani uhesabu sekunde kwenye video. Fanya hivyo kabla ya kubadilisha chochote, na tena baada ya kila hatua. Mtu aliyelipa pesa nyingi hujisikia ana nguvu zaidi hata kama hana, ila video haijui alilipa kiasi gani.

Kamshafti nitaimaliza kwa maneno machache. Kwenye baadhi ya injini ni shafti moja. Kwenye Sportster ziko nne, kila valvu na yake, zote zinaendeshwa na gia upande wa kulia wa injini. Kwa hiyo unanunua nne, na nyingi zinazouzwa kwa sifa zimechongwa kwa nguvu za mizunguko ya juu. Kwenye 883 yenye valvu ndogo na kompresheni ya kawaida utapoteza chini, upate juu mahali ambapo barabara ya Tororo haikuruhusu kufika. Acha.

Tufike kwa rafiki yako wa tatu. Sportster 883 na Sportster 1200 zina mwendo ule ule wa pistoni, milimita 96.8. Kinachozitofautisha ni upana wa silinda: milimita 76.2 kwa 883, na 88.9 kwa 1200. Kwa hiyo unaweza kuigeuza moja kuwa nyingine bila kugusa kranki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, wala kupasua injini chini. Unatoa tangi, kabureta, ekzosi, vichwa, silinda na pistoni, unafunga silinda na pistoni mpya, unarudisha. Ujazo unapanda kwa asilimia 36, na torki ya katikati inafuata karibu kwa kiwango hicho, kwenye mizunguko ile ile uliyoizoea. Sijui kazi nyingine kwenye pikipiki hii inayokupa kiasi hicho kwa pesa hizo.

Nisimame kidogo kwa wasomaji wenye Yamaha DragStar 400, ambao huniuliza kama nao wanaweza kuifanya 650. Hapana. Pale upana ni 68 kwa 81 na mwendo wa pistoni ni 55 kwa 63, kwa hiyo hata kranki ni tofauti. Uza, nunua 650 iliyo tayari.

Kwako, uangalifu uko kwenye sehemu tatu. Ya kwanza ni umbo la pistoni. Vichwa vya 883 vina chumba kidogo cha kuchomea. Ukiweka pistoni bapa za 1200 chini yake, kompresheni inapanda kupita kiasi, na injini itagonga. Utaisikia, mlio kama changarawe inayotikiswa kwenye kopo, hasa ukivuta mlimani ukiwa na mzigo. Kwa hiyo nunua pistoni zilizotengenezwa kwa ajili ya kugeuza 883, zile zenye bakuli kichwani, zinazoshikilia kompresheni kati ya 9 na 10 kwa 1. Kwa petroli ya kawaida ya vituo vya njiani, omba iliyo karibu na 9 zaidi ya 10. Urefu wetu utakusamehe kidogo, lakini siku moja utashuka Mombasa na pikipiki hiyo, na pwani haina msamaha huo.

Ya pili ni silinda zenyewe. Una njia mbili: kununua silinda zilizokwisha kupanuliwa, au kupanua zako. Ukuta wa silinda ya 883 ni mnene, unaruhusu kutolewa milimita 12.7 za kipenyo, na watu hufanya. Ila silinda ya Sportster hubanwa na stadi, yaani bolti zisizo na kichwa, ndefu, zinazotoka chini hadi kwenye kichwa, na zikikazwa silinda hujikunja kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni na ringi inakiona. Mkerezaji anayejua hufunga bamba nene la chuma juu ya silinda, analikaza kama kichwa, ndipo apitishe jiwe la kusugulia. Kwa hiyo tundu linakuwa duara likiwa limebanwa, ambavyo ndivyo litakavyoishi. Bila bamba, linakuwa duara mezani na yai kwenye pikipiki. Miaka kadhaa nyuma nilipeleka silinda za mteja kwa karakana moja mjini iliyoniambia bamba ni mbwembwe za Wazungu. Nilikubali kwa haraka ya mteja. Pistoni ya nyuma ilishika karibu na Lugazi, na tulipofungua mikwaruzo ilikuwa kwenye pande mbili zinazotazamana, upande wa stadi, kama iliyochorwa kwa rula. Gharama nililipa mimi, na ilinistahili. Tangu hapo, kama mkerezaji hana bamba, naagiza silinda zilizokamilika pamoja na pistoni zake kutoka kwa muuzaji mmoja, na wewe nakushauri hivyo hivyo. Uliza pia, kabla ya kulipa, kodi na usafirishaji vitafika wapi, maana chuma kina uzito na silinda mbili si barua.

Ya tatu ni ufungaji. Gasketi zote mpya, za vichwa, za chini ya silinda, za kofia za valvu. Bolti za vichwa hukazwa kwa mpangilio wa msalaba, kwa hatua, na hatua ya mwisho ni kuchora mstari kwa kalamu kwenye bolti na kuizungusha digrii 90, robo mzunguko kamili. Fundi akikwambia mkono wake unajua, mpe mkono wa kwaheri. Kabureta ile ile ya milimita 40 inatosha 1200, badilisha jeti kuu tu na upime upya kwa plagi. Klachi kama ni nzima itastahimili.

Kuna zawadi moja watu hawaitarajii. 883 ina gia fupi zaidi kuliko 1200 ya kiwandani, kwa sababu uwiano wa ile cheni ya ndani kati ya injini na klachi si mmoja. Ukibadilisha silinda na kuacha gia zako, unapata 1200 inayochomoka haraka kuliko 1200 halisi. Kwa kupita malori ni jambo zuri sana. Gharama yake ni kwamba ukiwa kwenye 120 injini itazunguka zaidi na mtetemo utaongezeka. Kwenye barabara ya Tororo, yenye matuta kila kituo cha biashara, hilo halitakusumbua.

Kuhusu pesa, basi. Vipimo, raba, ngozi ya kabureta, plagi, oili na spana za inchi visile zaidi ya robo ya akiba yako. Pima kwa video. Ikiwa pikipiki imeamka na inakutosha, simama hapo kwa miezi miwili. Ikiwa bado unataka zaidi, ruka ekzosi ya gharama, weka vizuizi vya Katwe na jeti, na kilichobaki chote kiende kwenye silinda na pistoni za 1200. Ila tenga kiasi cha breki kabla ya hapo. 883 yako ina diski moja tu mbele, na kama pedi ni za zamani na mpira wa breki ni ule wa 2005, utakuwa umeongeza mwendo bila kuongeza namna ya kuusimamisha, na nyuma yako amekaa mama watoto. Pedi mpya, mpira wenye ala ya waya za chuma, mafuta mapya ya breki. Hili sikubembelezi, nakuomba kama ndugu.

Siku injini itakapofungwa ikiwa 1200, iwashe, iache ipate moto, izime, ipoe kabisa. Rudia mara tatu kabla ya kutoka getini. Kisha kilomita 800 za kwanza, yaani kama safari mbili zako za kwenda na kurudi, usivute mafuta yote, usibebe mtu, na usikae kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Panda na ushuke kati ya 50 na 90. Epuka kunasa kwenye msongamano wa Kampala, kwa sababu injini hii inapozwa na upepo tu na ringi mpya hazipendi kuchemka zikiwa zimesimama. Toka saa kumi na moja alfajiri. Oili ya kwanza, 20W-50, imwage baada ya kilomita 80 tu, nayo haifiki lita tatu, kwa hiyo usiionee huruma. Ichuje kwenye kitambaa cheupe na ukitazame juani: vumbi la kijivu linalong'aa ni la kawaida kwa mara ya kwanza, ila ukiona kipande unachoweza kukishika kwa kucha, usiiwashe tena, niandikie na picha.